Mfereji wa maji kwenye ua, Tabora: hesabu inaanzia Oktoba

Anayetaka mfereji wa maji kwenye ua wake hapa Tabora ajiulize kwanza swali moja: mwezi wa Oktoba ataujaza kwa maji gani? Urefu na rangi ya mawe vitafuata baadaye. Mvua zetu huanza Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo ni jua, vumbi na upepo mkavu, na maji yote yaliyo wazi yanapungua kila siku. Mfereji wa urembo uliopungukiwa na sentimita 10 za maji umekwisha kuwa mtaro, hata kama kingo zake ni za granaiti iliyong'arishwa.

Naandika hatua za kazi moja tuliyoifanya mjini, kwenye ua ulio kati ya veranda ndefu na ukuta wa nyuma. Ni mfereji ulionyooka, wa zege, wenye pembe kali, maji yakiwa yametulia. Mifereji ya namna hii tumeona ikipasuka, ikivuja, ikizaa mbu na hatimaye kufukiwa na kupandwa maua. Karibu kila mara sababu zake zilikuwapo siku ya kwanza, kabla hata chepe halijagusa ardhi.

Mwenye ua alitaka mfereji wenye upana wa mita 2. Tuliketi naye tukapiga hesabu. Kiangazi, kwa kupanga kazi, tunachukua kwamba maji yaliyo wazi yanapotea kwa kina cha milimita 6 kwa siku. Mfereji wa mita 12 kwa mita 2 una uso wa mita za mraba 24, kwa hiyo unakunywa lita 144 kila siku, zaidi ya lita 4,300 kwa mwezi. Ukiupunguza upana hadi sentimita 60, uso unakuwa mita za mraba 7.2, na upotevu unashuka hadi lita 43 kwa siku, yaani lita 1,300 kwa mwezi. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni lita 6,500. Hizo zinaweza kutoka kwenye tanki la lita 5,000 lililojazwa na mvua za mwisho, likaongezewa kidogo na maji ya bomba. Zaidi ya lita 21,000 za mfereji mpana zingelazimika kununuliwa, na zingenunuliwa katika miezi ambayo jirani naye anatafuta maji. Kabla ya maji ya Ziwa Victoria kufika, mji huu ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na wenyeji bado wanakumbuka foleni za ndoo. Bustani isiyojali jambo hilo inamwaibisha mwenyewe.

Akakubali sentimita 60. Kilichomwondolea wasiwasi kwamba mfereji mwembamba utaonekana wa kinyonge ni mifano. Ua wa Simba kwenye jumba la kifalme la Alhambra, Hispania, wa karne ya 14, una mifereji minne myembamba inayokutana kwenye beseni lililobebwa na simba 12 wa mawe, na ua wote unaishi kwa maji hayo machache. Taasisi ya utafiti ya Salk kule California, aliyoisanifu Louis Kahn na kukamilika 1965, ina mstari mmoja mwembamba wa maji unaokata uwanja mtupu wa mawe kuelekea Bahari ya Pasifiki. Hakuna mti wala maji ya kurushwa juu. Linganisha na Versailles, kasri la mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Mfereji Mkuu wa pale ulichimbwa kati ya 1668 na 1679, na urefu wake ni kama mita 1,670. Hata hivyo maji ya kuendesha chemchemi zote za bustani kwa pamoja hayakupatikana. Mafundi walipigiana filimbi, wakafungua zile ambazo mfalme alizikaribia na kufunga zile alizokwisha kuzipita. Mashine ya Marly ya kupandishia maji, yenye magurudumu 14 makubwa yaliyozungushwa na mto Seine, nayo haikumaliza shida hiyo. Kama mfalme yule alishindwa na maji, mtu wa Tabora hana haja ya kushindana nayo.

Umbo lenye kipimo kikali si la kigeni kwetu pia. Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 pale Kilwa Kisiwani, lina birika la kuogea la pembe nane, na aliyelijenga alijua vizuri kwamba maji yanataka ukingo ulionyooka.

Baada ya upana tulichagua mahali. Mfereji wa aina hii hutazamwa kwa urefu wake. Ukiutazama kwa ubavu unaona ufa tu, kwa hiyo kamba ya katikati ilitoka katikati ya mlango mkuu wa veranda, ikanyooka hadi ukuta wa nyuma. Kisha ukaja uchunguzi wa kivuli cha maji, ambao watu wengi wanauruka. Laza kioo cha kawaida chini, mahali maji yatakapokuwa, kisha keti kwenye kiti cha veranda, kimo kile kile atakachokaa mwenye nyumba. Unachokiona kwenye kioo ndicho maji yatakachokuonyesha kila siku. Pale kwetu kioo kilionyesha kwanza tanki jeusi lililoinuliwa kwenye mnara wa nyuma. Tukausogeza mstari sentimita 80 kuelekea kulia, na kioo kikaonyesha mbingu na kilele cha mwembe.

Huo mwembe nao ulihitaji mazungumzo yake. Tabora ni mji wa miembe, na anayetafuta ua usio na mwembe atatafuta sana. Majani yake ni magumu, hayaozi haraka, na wavu unayaopoa bila shida. Kinachosumbua ni maua. Yakianza kupukutika, unga wake unatandaza utando juu ya maji na sura yote ya mbingu inapotea. Kiangazi upepo wetu hutoka zaidi mashariki, hivyo mfereji uwe mashariki ya mti na angalau mita 6 kutoka ncha za matawi. Mkuyu usiukaribie kabisa, maana mizizi yake inafuata unyevu hadi ndani ya ufa mdogo na kuupanua.

Udongo tuliupima kwa mashimo matatu ya mita 1, mwanzo, katikati na mwisho. Sehemu kubwa ya mji ina udongo wa kichanga unaoshindilika vizuri. Ukishuka mabondeni unakuta mbuga, ule udongo mweusi mzito unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Juu ya mbuga zege lolote jembamba litapasuka. Lazima uchimbe uutoe, angalau sentimita 50 chini ya sakafu, uweke moramu kwa matabaka ya sentimita 15 na kushindilia kila tabaka kwa maji kidogo. Shimo letu la katikati lilikuta njia za mchwa. Usizifukie kwa udongo uliotoka humo humo. Tulifuata mashimo hadi tukafika ardhi ngumu, tukayajaza zege hafifu, ndipo tukaendelea. Pango la mchwa chini ya sakafu ya mfereji huporomoka siku utakapojaza maji kwa mara ya kwanza, wakati uzito wote umeshafika.

Msimu wa kazi ni Mei hadi Agosti. Chimbo lililoachwa wazi hadi Novemba hujaa maji ya mvua, na vidimbwi vya namna hiyo, vidogo, vya jua, visivyo na samaki, ndivyo vinavyopendwa sana na mbu aenezaye malaria. Chimbo letu lilikuwa na upana wa mita 1.45, ili mbao za kufungia zege zipate nafasi pande zote mbili, na kina chake kilianza sentimita 51 upande wa veranda kikafika 57 upande wa mwisho.

Tofauti hiyo ya kina ni ya makusudi, na ndiyo inayowachanganya mafundi wengi wageni wa kazi hii. Sakafu ya mfereji inateremka, kwa sababu siku ya kusafisha maji lazima yaondoke yenyewe. Mteremko wa 1 kwa 200 unatosha, yaani sentimita 6 kwa mita 12. Lakini juu, ukingo wote uko sawa kabisa, bila mteremko wowote. Maji hayasamehi hapa. Ukuta wa nyumba ukiinama milimita 10 kwa mita 12 hakuna atakayejua. Mfereji ukifanya hivyo, jicho linaona mstari wa giza kati ya maji na jiwe ukianza mwembamba na kuishia mnene, na halitaacha kuuona. Kiwango chetu ni milimita 3 kutoka mwisho hadi mwisho.

Pima maji fupi ya fundi mwashi haitoi usahihi huo, kwa sababu kosa dogo linajirudia kila unapoihamisha. Mpira wa leveli unautoa, na ni wa bei ndogo: mpira unaoona ndani, mita 20, ujazwe polepole kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa hadi mapovu yote yatoke. Povu moja lililokwama katikati linadanganya kwa sentimita nzima. Ncha zote mbili ziwe wazi wakati wa kusoma. Kidole kilichosahauliwa kwenye ncha moja kimeharibu kazi nyingi. Subiri maji yatulie, soma sehemu ya chini ya mkunjo wa maji, piga alama kwenye kigingi. Vigingi vyetu vilikuwa kila baada ya mita 2, na tulipomaliza tulirudi kupima cha mwisho dhidi ya cha kwanza moja kwa moja. Visipokubaliana, unarudia mzunguko wote.

Kwa walioko Kigoma, ambako viwanja vingi vinashuka kuelekea ziwani, kanuni ni ile ile lakini umbo linabadilika. Mfereji usilazwe na mteremko wa ardhi, kwa sababu pampu ikizimika maji yote yanakimbilia chini na juu panabaki pakavu. Gawa urefu kuwa mabirika yaliyo sawa, moja chini ya jingine, kila moja likimwagia la chini kwa mlizamu wa sentimita 10 hadi 15. Sauti ya mwanguko wa kimo hicho ni ya upole, na kila birika linabaki limejaa hata umeme ukikatika.

Zege ndilo lililotuchukua fikra nyingi zaidi. Chini kabisa tulimwaga tabaka la sentimita 5 la zege hafifu la 1:3:6 (saruji, mchanga na kokoto), ili nondo zisikae kwenye udongo. Sakafu ni sentimita 12, kuta sentimita 12, mchanganyiko 1:2:3 wenye kokoto zisizozidi robo tatu ya inchi. Nondo za milimita 8 zilikunjwa kwa umbo la birika, kila baada ya sentimita 20, zikafungwa na nondo ndefu zinazokwenda urefu wote. Zilitumika nondo 22 za mita 12. Chini yake viliwekwa vibiskuti, yaani vipande vya zege vya sentimita 4 vya kuziinua. Nondo iliyolala karibu na uso inapata kutu, kutu inavimba, na ganda la zege linabanduka kutoka ndani.

Maji ya mchanganyiko ndiyo chanzo cha uvujaji kuliko kitu kingine chochote. Mfuko wa kilo 50 wa saruji usizidi lita 25 za maji, ukihesabu na unyevu ulio kwenye mchanga. Vibarua watataka kuongeza, kwa sababu zege laini linamwagika kwa urahisi. Lakini maji yaliyozidi yanapokauka yanaacha vinjia vidogo visivyoonekana, na mfereji unatoka jasho upande wa nje mwaka mzima. Ukiona zege ni gumu kumwaga, tumia vaibreta, mashine ya kutikisa zege, usitumie ndoo ya maji.

Mahali pa pili pa hatari ni pale sakafu inapokutana na ukuta. Ukimwaga sakafu ikaishia kona, kisha ukuta ukasimamishwa juu yake kesho yake, umeweka kiungo pale pale panapobanwa sana na maji. Mwaga sakafu pamoja na kimo cha ukuta cha sentimita 10, siku moja, bila kusimama. Kiungo kinapanda juu ya kona. Kesho yake uso wa kiungo ukwaruzwe kwa brashi ya chuma hadi kokoto zionekane, usafishwe, ulowanishwe, upakwe niru nzito (uji wa saruji na maji), ndipo ukuta uendelee. Na mbao za pande mbili zisifungwe kwa waya unaopita katikati ya ukuta, kama inavyofanyika kwenye nguzo za nyumba. Kila waya uliobaki ndani ya zege ni njia ya maji kutoka upande mmoja hadi wa pili. Zibane mbao kwa nje, kwa vigingi na mihimili ya juu.

Mabomba yote yanaingia kabla ya zege. La kutolea maji ni inchi 2, mwisho wa sakafu penye kina. La kuingizia ni inchi 1 na nusu, upande wa veranda, chini ya uso wa maji ili yasitibuke. Plastiki ni laini na zege haliishiki. Sehemu itakayokaa ndani ya ukuta isuguliwe kwa msasa, ipakwe gundi ya mabomba, inyunyiziwe mchanga mkavu gundi ikiwa bado mbichi, iachwe ikauke. Bomba linalopitishwa baadaye kwa tindo litavuja. Likizibwa litatulia msimu mmoja, kisha litavuja tena. Hata waya wa pampu usitoboe ukuta. Upitishe juu, chini ya jiwe la ukingo.

Zege lilifunikwa magunia yaliyolowa, yakamwagiliwa asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7, halafu mara moja kwa siku kwa wiki moja zaidi. Upepo wa Juni unakausha kuliko jua, na zege lililokaushwa haraka hupasuka nyufa nyembamba usizoziona hadi zijae chumvi nyeupe.

Kisha, kabla ya plasta, tukajaza maji. Ukipiga plasta kwanza unaficha kasoro, na ukiigundua baadaye utabomoa kazi nzuri kuifuata. Siku 2 za mwanzo usipime chochote, zege linakunywa. Siku ya tatu weka tofali ndani ya mfereji, juu yake ndoo iliyojazwa maji hadi usawa wa maji ya nje, piga alama ya penseli ndani ya ndoo na kwenye ukuta. Baada ya saa 24 linganisha. Ndoo imepata jua na upepo ule ule, kwa hiyo inakuonyesha kilichochukuliwa na hewa peke yake. Ndoo ikipungua milimita 6 na mfereji 7, uko salama. Mfereji ukipungua 15, milimita 9 zinavuja, na kwa uso wa mita za mraba 7.2 hizo ni lita 65 kwa siku. Acha maji yaendelee kushuka bila kuongeza. Pale yatakapoacha kukimbia na kuanza kushuka sawa na ndoo, uvujaji uko kwenye usawa huo. Zunguka ukutani kwenye mstari huo na utaukuta.

Plasta ilikuwa mikono miwili, yaani matabaka mawili, ya 1:3 (saruji na mchanga), yenye dawa ya kuzuia maji, na kona zote za chini zikafanywa mviringo wa sentimita 5 kwa chupa. Mkono wa pili ulitiwa oksaidi nyeusi, rangi ya unga, kilo 2.5 kwa kila mfuko wa saruji. Hapa nina msimamo. Vigae vya bluu vinaufanya mfereji uonekane kipande cha bwawa la kuogelea, vinaonyesha kila jani na kila tope, na vinaua taswira. Maji huakisi mbingu yanapokuwa juu ya kitu cheusi. Sentimita 35 juu ya sakafu nyeusi zinaonekana hazina mwisho, wakati mita nzima juu ya sakafu nyeupe bado inaonyesha chini. Weusi ni wa bei nafuu kuliko kina, na haukaushwi na jua. Miezi ya kwanza chumvi nyeupe itatokeza juu ya plasta. Inaondoka kwa brashi na siki iliyozimuliwa.

Ukingo ulikuwa granaiti iliyokatwa, unene sentimita 4, upana 30, ikichomoza sentimita 4 juu ya maji. Kuchomoza huko kunatupa kivuli kinachoficha mstari ambapo maji yanapanda na kushuka. Hesabu ya kimo hapa ina mtego. Kila mtu anataka maji yaguse jiwe, lakini chini ya jiwe kuna sentimita 1 ya udongo wa saruji, na maji yakifika hapo yanapenya kwenda nyuma ya ukuta. Maji yabaki sentimita 2 chini ya kichwa cha ukuta, yaani 7 chini ya uso wa jiwe. Jiwe lenyewe liwe juu ya ardhi kwa sentimita 5, na sakafu ya ua iteremke kwenda mbali nalo. Maji ya mvua yanayotiririka uani yana udongo mwekundu. Yakiingia mara moja, umepoteza weusi wote.

Kwa jumla kazi ilikula mifuko 28 ya saruji na mita 26 za jiwe la ukingo. Wateja hudhani zege ndilo ghali. Fedha nyingi zilikwenda kwenye kukata mawe na kwenye mbao, kwa sababu mbao za kufungia zege zilizopinda zinazaa ukingo uliopinda, na hizo nzuri hazipatikani kwa bei ya mabanzi. Kuna gharama ya moyo pia. Wiki ile ya kujaza na kupima, mwenye nyumba anatazama shimo la zege la kijivu lenye ndoo ndani yake na kuanza kujuta. Mwelezeni mapema kwamba siku hizo zitakuwapo.

Pampu inahitaji hesabu yake peke yake. Mwisho wa mfereji tuliweka mdomo wa upana wa sentimita 60, ambapo maji yanaanguka kwenye tanki lililozikwa chini ya sakafu ya ua, kisha pampu inayarudisha upande wa veranda. Maji yenye unene wa sentimita 1 juu ya mdomo huo yanahitaji kama lita 4,000 kwa saa. Ukikubali nusu sentimita, lita 1,400 zinatosha, ila mdomo lazima uwe na ncha kali, la sivyo maji yanashikamana na ukuta na kushuka kimya kimya. Kwa mwinuko mdogo kama huu pampu ya wati 80 inamudu. Ikifanya kazi saa 8 kwa siku ni uniti 19 hivi kwa mwezi. Iwe na breka inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30, bila mjadala, kwa sababu watoto watatia mikono.

Kosa la kawaida liko kwenye tanki la chini. Pampu ikiwa inazunguka, mfereji haupungui kamwe. Upungufu wote unaonekana kwenye tanki. Tanki la lita 300 likipoteza lita 43 kila siku litaiacha pampu kavu ndani ya wiki, na pampu itaungua. Letu ni la lita 1,000, lina swichi ya boya inayozima pampu maji yakishuka, na juu limeachiwa nafasi ya zaidi ya lita 100. Umeme ukikatika, sentimita 1 iliyoko juu ya mdomo inashuka yote kwa pamoja, lita 72, pamoja na maji yaliyoko kwenye bomba. Tanki lisilo na nafasi hiyo linafurika uani kila umeme unapokatika.

Maji ya kurusha juu tulikataa. Upepo mkavu unachukua matone kabla hayajarudi chini. Hata ile mishale maarufu ya maji kwenye Ua wa Mfereji pale Generalife, jirani na Alhambra, iliongezwa karne ya 19. Waliojenga ua huo waliuacha bila mishale hiyo.

Sasa mbu, ambao wanaweza kumfanya mtu wa Tabora aukatae mfereji kuliko gharama yoyote. Yai la mbu linafika kuwa mbu mzima kwa siku 7 hadi 14 kwenye joto letu. Kuta wima zisizo na nyasi ukingoni zinasaidia, na maji yanayosogea yanasaidia, lakini kinachomaliza kazi ni samaki. Perege wadogo 20 hadi 30 wanatosha kwa lita 2,520, bila kulishwa sana, na mabomba mawili ya udongo yaliyolazwa chini yawape mahali pa kujificha na mdiria. Wanazaana haraka, wapunguzwe. Asiyetaka samaki atumie dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi, inayotengenezwa na kiwanda cha Kibaha, kwa ratiba iliyoandikwa kwenye chombo. Samaki wasiingie mapema. Saruji mpya inatia ukali kwenye maji. Jaza, acha wiki moja, mwaga barabarani mbali na mimea, rudia mara tatu, na upime kwa karatasi za pH hadi zisome chini ya 8.5.

Kina cha sentimita 35 kinamtosha mtoto mdogo kuzama. Weka wavu wa nondo za milimita 6, matundu ya sentimita 10, uliopakwa rangi nyeusi isiyo na sumu, juu kidogo ya uso wa maji. Uwe na nguvu za kubeba uzito wa mtoto.

Kiangazi cha kwanza kinataka wavu wa majani kila siku mbili, brashi kila wiki, na kufungua bomba la chini mara moja katikati ya Agosti ili tope litoke. Usiuache mtupu muda mrefu, jua la Septemba linapasua plasta iliyokauka. Mvua zinapoanza Novemba, mita za mraba 100 za paa zinakupa kama lita 1,600 kwa mvua moja ya milimita 20, lakini maji ya kwanza yameosha vumbi la miezi sita pamoja na kinyesi cha ndege. Weka bomba la pembeni linalopokea lita 50 za mwanzo na kuzimwaga, lenye kizibo cha chini cha kufungua kwa mkono baada ya kila mvua. Ndipo yanayofuata yaruhusiwe kuingia kwenye tanki.